Kumalizia Ndani ya Nyumba ya Midoli Ukiwa na Mbwa Mdogo: Mwongozo Kamili

Kuta zimesimama, paa limekaa vizuri, halafu nyumba ya midoli inakaa hivyo kwa miezi. Ukichungulia ndani unakuta chumba kimoja kimebandikwa karatasi iliyojikunja pembeni, waya wa taa unaning'inia, na sakafu imeganda manyoya ya mbwa kwenye vanishi. Watu wanaonieleza kwamba wamekwama, karibu wote wamekwama kwa sababu zile zile mbili. Wameanza na kazi iliyopaswa kuja baadaye, au wameanza kazi isiyoachika katikati huku mbwa amesimama mlangoni akitaka kutolewa nje.

Kwa hiyo hatua zote hapa zinafuata kanuni moja: kila kipande cha kazi kiishie mahali ambapo unaweza kufunika, kunyanyuka na kuondoka. Gundi inataka muda wa kukauka na mbwa anataka matembezi. Ukipanga vizuri, saa hizo mbili zinaangukia pamoja.

Vipimo ni vya nyumba ya 1:12 (sentimita 1 ndani yake ni sentimita 12 za nyumba halisi), ambayo ndiyo inayotengenezwa zaidi. Kama yako ni 1:24, gawa kila kipimo kwa mbili.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kukata na kupima: kisu chenye ncha kali na viwembe vya akiba, rula ya chuma, kisanduku cha kukatia pembe na msumeno wake mdogo, msasa namba 120 na 240, kibano, penseli.

Vya kubandika: gundi nyeupe ya mbao (PVA), tepu ya karatasi, tepu ya pande mbili, na nta laini ya kushikilia vitu vidogo.

Vya kupaka: praima (rangi ya kwanza ya kuziba mbao) na rangi za maji, rangi ya mbao ile nyepesi inayozama ndani, vanishi ya maji, brashi laini za ukubwa tofauti.

Vya kuta na sakafu: kadibodi nyembamba isiyo na mawimbi, karatasi za ukutani za saizi ya midoli, vijiti vya mbao kama vile vya aiskrimu, vipande vya mbao za skatingi (zile zinazozunguka chini ya kuta), plastiki ngumu inayoonyesha kwa ajili ya vioo.

Vya umeme: taa ndogo za LED, transfoma yake, waya mwembamba.

Kwa ajili ya mbwa: masanduku yenye vifuniko vinavyobana, kizuizi cha mlangoni, kitu cha kutafuna anachokipenda, na namba ya daktari wa mifugo iliyobandikwa ukutani unapofanyia kazi.

## Vitu ambavyo havifai kuingia katika kazi hii

Sehemu hii isome hata kama una haraka. Mbwa mdogo ana mwili mdogo, na kiasi ambacho mbwa mkubwa angekistahimili kinaweza kumuua yeye.

Gundi ya poliyurethani, ile inayotoa povu na kuvimba. Mbwa wengi huvutiwa na ladha yake. Ikifika tumboni inakutana na unyevu, inavimba na kuwa donge gumu ambalo mara nyingi halitoki bila upasuaji. Gundi nyeupe inatosha kwa kila kiungo cha ndani ya nyumba ya midoli, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa na hiyo nyingine.

Betri za kifungo, kama CR2032. Zikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya muda usiofika saa moja. Tumia transfoma, au sanduku la betri kubwa lenye kifuniko cha skrubu.

Unga wa chumvi wa kufinyangia vyakula vya midoli. Watu wengi hutengeneza mikate na matunda madogo kwa unga, maji na chumvi nyingi. Hata ukishakauka, kwa mbwa ni chakula, na chumvi hiyo inaweza kumletea kutapika, kutetemeka na degedege. Finyanga kwa udongo wa polima, na huo nao uufungie.

Sumaku ndogo za milango. Mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Mbwa akimeza chochote kati ya hivi, mpigie daktari wa mifugo papo hapo na ushike kifungashio mkononi. Usimtapishe kwa uamuzi wako. Betri na gundi vinaweza kufanya madhara mapya vinapopanda tena kooni.

## Hatua ya 1: Panga mahali pa kazi

Fanyia kazi kwenye meza, kamwe si sakafuni, hata kama nyumba ni kubwa. Vuta viti mbali na meza kila unapoondoka, maana miguu mifupi haimzuii mbwa kupanda kiti kisha meza.

Usimfungie mbwa chumba kingine siku nzima. Atalia, wewe utaharakisha, na kazi ya haraka ndiyo inayoharibika. Mwekee kitanda chake mahali anapokuona, nyuma ya kizuizi, na umpe kitu cha kutafuna unapoanza kukata. Siku chache akishazoea, akiona meza imefunguliwa ataenda kulala mwenyewe.

Mpige brashi jioni ya kuamkia siku ya kupaka rangi au vanishi. Usimpige brashi siku ile ile, kwa sababu manyoya mepesi huendelea kuelea hewani kwa saa kadhaa.

Imefanikiwa ikiwa: unaweza kufunika kila kitu na kutoka chumbani kwa muda mfupi, bila kuacha kisu, kipande wala chupa wazi.

## Hatua ya 2: Jaribu kila kitu pakavu

Kabla ya tone lolote la gundi, weka kila kipande mahali pake kwa tepu ya karatasi: milango, madirisha, ngazi, hata samani kubwa. Hapa ndipo utakapogundua kwamba kabati linaziba mlango, au kwamba ngazi ikishakaa mkono wako haufiki ukuta wa nyuma.

Pima pia kama vitu vinalingana. Katika 1:12, mlango wa mita 2 unakuwa karibu sentimita 16.7, dari ya mita 2.4 inakuwa sentimita 20, na meza ya sentimita 75 inakuwa sentimita 6.25. Kiti chenye kalio la sentimita 5 kitaonekana kizuri dukani, lakini ndani ya chumba kitafanya kila kitu kionekane cha bandia.

Kwa kila ukuta na kila sakafu, kata kiolezo cha kadibodi kinachoingia bila kusukumwa. Viandike: chumba gani, ukuta upi, upande upi ni juu. Usivitupe, kwa sababu kazi yote inayofuata inavitegemea.

## Hatua ya 3: Waya kwanza

Anayebandika karatasi kabla ya kupitisha waya atakuja kuikata karatasi hiyo. Hili halina njia ya mkato.

Toboa tundu la milimita 2 pale taa inapokaa, pitisha waya, na uupeleke moja kwa moja nyuma ya nyumba kwa njia fupi iwezekanavyo. Waya wa taa ya dari unaweza kupita kwenye mfereji mdogo uliochongwa kwenye sakafu ya chumba cha juu yake, na sakafu hiyo itaufunika. Kila waya uvalishe kipande cha tepu chenye jina la chumba.

Unganisha taa kila moja kwa njia yake hadi kwenye transfoma, ili moja ikifa nyingine ziendelee kuwaka. Soma volti zilizoandikwa kwenye taa na zilinganishe na za transfoma. Taa ya volti 3 kwenye transfoma ya volti 12 itaungua mara moja.

Waya unaotoka ukutani hadi mezani ndio mbwa atakaoutafuna. Upitishe ndani ya bomba gumu la plastiki au uupandishe nyuma ya meza asikoufikia, na uchomoe transfoma kila unapoondoka.

Imefanikiwa ikiwa: taa zote zimewaka saa nzima bila hata moja kufifia, na ukizigusa hazichomi.

## Hatua ya 4: Praima, kisha dari

Kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) hunywa rangi bila kushiba. Zipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ziache zikauke, kisha zisugue kwa msasa 240. Vumbi la MDF si zuri kwa mapafu ya yeyote: vaa barakoa, mtoe mbwa chumbani, na ufute kwa kitambaa kibichi kabla hajarudi, maana likimkaa miguuni atalilamba.

Plaiwudi nyembamba, kama ya milimita 3, ipakwe praima pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu unaivuta na inapinda.

Dari ndiyo ya kwanza kupakwa. Shusha rangi yake milimita 3 kwenye kuta; karatasi ya ukutani itakuja kukutana nayo, na hutaona mstari mweupe wa mbao. Paka mara mbili nyembamba. Rangi nene hujaza kila urembo mdogo uliochongwa, na katika nyumba ya saizi hii urembo huo ndio wenye kazi ya kudanganya jicho.

## Hatua ya 5: Karatasi za ukutani

Hapa ndipo wengi huharibu, na kosa kubwa ni kubandika karatasi moja kwa moja ukutani, mkono ukiwa umejikunja ndani ya chumba chenye kina cha sentimita 25. Bandika kwenye violezo vya kadibodi, mezani, kwenye mwanga. Kisha ingiza ukuta uliokwisha kamilika. Ukiharibika unautoa, waya ukifa unaufikia, na mbwa akianza kubweka unafunika kipande kimoja badala ya nyumba nzima.

Chagua michoro midogo kuliko unavyodhani. Ua la sentimita 5 kwenye ukuta halisi ni milimita 4 katika 1:12.

Kama umechapisha karatasi mwenyewe, angalia printa. Wino wa printa ya kunyunyiza wino (inkjet) mara nyingi huchuruzika ukikutana na maji ya gundi. Wa leza hauna tatizo hilo. Gusa kona kwa kidole kilicholowa. Ikitoka rangi, puliza dawa ya kukinga wino, nje ya nyumba, mbwa akiwa ndani.

Sasa bandika:

1. Kata karatasi kubwa kuliko kiolezo kwa sentimita 1 kila upande.
2. Paka gundi nyeupe kwenye kadibodi, si kwenye karatasi. Iwe safu nyembamba iliyosambazwa hadi kingoni kwa kadi ngumu. Usiiongeze maji mengi. Karatasi ikilowa inatanuka, na ikikauka inabaki na mikunjo.
3. Laza karatasi kuanzia katikati na uisukume kuelekea kingo kwa kitambaa kikavu. Kipovu kidogo kikibaki, kitoboe kwa sindano na ukibonyeze.
4. Funika kwa karatasi ya kuokea isiyoshika gundi, weka kitabu kizito juu, na uende kutembea na mbwa. Gundi nyeupe hushika baada ya nusu saa hivi. Nguvu yake kamili huja baada ya saa 24.
5. Ikikauka, punguza ziada kwa kisu kipya (ya ukuta wa nyuma usiimalize yote, kama utakavyoona hapa chini). Kisu butu hurarua.

Ukuta wa nyuma ndio unaoingia kwanza. Acha karatasi yake izidi milimita 5 kila upande na uikunje igeukie kwenye kuta za kando. Kuta za kando zinafuata, zimekatwa sawasawa hadi kwenye kona. Mtazamaji anaangalia kutoka mbele, na kwa mpangilio huo kona hata ikiwa na uwazi kidogo ataona karatasi badala ya mbao.

Shikilia kuta kwa tepu ya pande mbili au matone machache ya gundi. Usipake gundi mgongo mzima, kwa sababu siku moja utataka kuufikia waya.

Wapo wanaobandika kwa gundi ya unga iliyopikwa. Mimi siitumii kabisa katika nyumba yenye mbwa. Inanukia chakula, atairamba, na isipokauka vizuri inaota ukungu.

Imefanikiwa ikiwa: ukimulika tochi kwa pembeni huoni kipovu, na michoro ya kuta mbili inakutana kwenye kona ikiwa kimo kimoja.

## Hatua ya 6: Sakafu

Sakafu nayo ijengwe kwenye kadibodi, nje ya nyumba.

Vijiti vya aiskrimu vina upana wa karibu sentimita 1, sawa na ubao wa sentimita 12 katika nyumba halisi, kwa hiyo vinadanganya macho vizuri sana. Kata ncha za duara. Vipange kwa rangi kabla ya kubandika: vyeusi kidogo, vyekundu kidogo, vyeupe. Ukivichanganya bila mpango, vitano vya rangi moja vitakutana na kufanya baka katikati ya chumba.

Paka rangi ya mbao kabla ya gundi. Gundi ikigusa uso wa kijiti huziba vinyweleo vyake, na hapo rangi haiingii tena; inabaki alama nyeupe ambayo hata msasa hauitoi yote. Hii ndiyo sababu namba moja ya sakafu zenye madoa.

Anza kupanga kutoka mbele ya chumba kwenda nyuma, ili ubao mwembamba uliokatwa uishie nyuma kusikoonekana. Viungo vya mwisho wa mbao visikutane mstari mmoja. Sogeza kila safu kwa angalau sentimita 3. Ukimaliza, weka uzito na uache usiku mzima. Hapa usiharakishe: kadibodi yenye gundi mbichi hujikunja ikiachwa bila uzito.

Kesho yake sugua kwa msasa 120, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukatisha, mikwaruzo itajitokeza yote vanishi ikipita.

Vanishi ndiyo adui wa nyumba yenye mbwa. Unyoya wa sentimita 3 ulioganda kwenye sakafu ya 1:12 unaonekana kama kamba ya sentimita 36 iliyosahauliwa chumbani. Fuata hivi:

- Funga dirisha, zima feni, na usiingie na sweta ambalo mbwa amelilalia.
- Futa sakafu kwa kitambaa kilicholowa kidogo sana. Kitambaa kikavu huongeza umeme tuli, na umeme huo huvuta manyoya.
- Paka safu nyembamba, kisha funika papo hapo kwa boksi lililogeuzwa, limeinuliwa kwa vijiti ili hewa ipite chini.
- Unyoya ukianguka na vanishi ni mbichi, utoe kwa kibano kwa kuuvuta kando, usiuchimbe. Vanishi ikishaanza kunata, uache. Subiri ikauke kabisa, sugua kwa 240 pale tu, upake tena.

Safu mbili zinatosha. Vanishi isiyong'aa sana ni bora. Mng'ao mkali huonyesha mara moja kwamba sakafu ni ndogo.

Imefanikiwa ikiwa: kidole kinateleza bila kukwaruzwa, na sakafu inaingia chumbani na kutoka bila kulazimishwa.

## Hatua ya 7: Madirisha, fremu na skatingi

Paka rangi kila kipande kabla ya kukifunga. Kupaka skatingi ikiwa tayari ukutani ni kuichafua karatasi uliyoihangaikia.

Vioo vinaingia baada ya rangi kukauka. Weka matone madogo ya gundi nyeupe kwenye kona za plastiki tu. Usitumie gundi kali ya papo hapo. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye plastiki ambao hausafishiki.

Skatingi ya kimo cha sentimita 1 inafaa vyumba vingi. Kata pembe za nyuzi 45 kwenye kisanduku. Ikate ndefu kwa nusu milimita, kisha uipunguze kwa msasa hadi iingie. Iliyozidi inapungua, iliyopungua ni ya kutupa. Uwazi mdogo uliobaki uzibe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi ile ile. Mbao za urembo za dari zinafuata utaratibu huo huo.

Vipande vinavyoruka ukikata ndivyo mbwa anavyovipata kwanza. Kila ukimaliza, pitisha mashine ya kufyonza vumbi ikiwa imefunikwa mdomo kwa soksi nyembamba ya nailoni. Vumbi litapita, vipande vitabaki kwenye soksi, na utavihesabu.

## Hatua ya 8: Ngazi

Maelekezo mengi ya nyumba za kuunganisha hukuambia ufunge ngazi mapema. Usifanye hivyo. Ukuta wa nyuma yake na sakafu iliyo chini yake vimalizike kwanza, ngazi ipakwe rangi mezani, kisha iingie ikiwa kamili.

## Hatua ya 9: Samani na vitu vidogo

Samani kubwa ziache huru. Vikombe, vitabu, taa za mezani na picha vishike kwa chembe ya nta laini, kama kichwa cha pini, iliyofinyangwa kwanza kwa vidole. Haiharibu rangi, inatoka ukitaka kubadilisha, na inazuia vitu visianguke mbwa akigonga mguu wa meza.

Kila kitu kinachoweza kupita ndani ya mdomo wa mbwa wako kiwe na mahali maalumu: kimeshikwa na nta ndani ya nyumba, au kiko ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mezani wazi si mahali pa kukiacha.

Usijaze vyumba siku moja. Weka samani kubwa, kaa nazo siku kadhaa, ndipo uongeze vidogo. Mara nyingi chumba hukamilika mapema kuliko ulivyopanga.

## Hatua ya 10: Funga mbele na uchague mahali

Kata karatasi ngumu ya akriliki inayoonyesha, yenye unene wa milimita 2 au 3, ifunike upande wote ulio wazi. Itelezeshe kwenye mifereji miwili ya mbao iliyobandikwa juu na chini, ili itoke kwa upande mmoja. Inazuia pua, mkia na sehemu kubwa ya manyoya kwa pamoja.

Iweke nyumba mbali na kochi, dirisha analopenda kuchungulia, na njia anayokimbilia kengele ya mlangoni ikilia. Isikae kwenye jua la moja kwa moja, maana karatasi za ukutani hupauka. Meza isiyo imara ifunge ukutani kwa kona za chuma.

Kila mwezi telezesha akriliki, zima taa, na ufute vumbi kwa brashi laini kavu kuanzia chumba cha juu kwenda cha chini. Chembe za nta zilizolegea zibadilishe wakati huo huo, na uhesabu vitu vya kila chumba. Kikikosekana kimoja, tafuta kwanza kwenye kitanda cha mbwa.